Chungu Kinachonguruma: hotuba yangu kuhusu sanamu za udongo za Amerika ya Kati

(Wengi mmeniomba niiweke hapa hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa wafinyanzi na wanafunzi wa sanaa, kwa wale ambao hamkufika. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha za projekta nimeziruka.)

Mwenyekiti, mama zangu wafinyanzi mliokaa mbele, kaka zangu, na nyie wadogo zangu wanafunzi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango ili mtoroke fasta, habari za mchana.

Mada niliyopewa ni alama zilizomo kwenye vyungu na sanamu za udongo za Amerika ya Kati ya zamani. Kuna mtu kaniuliza pale nje, ni Wamaya hao? Hapana. Wamaya wana mapiramidi yao na maandishi yao na watalii wao, leo tuwaache wapumzike. Mi nataka twende kusini kidogo, kipande cha Honduras, kisha Nikaragua, Kosta Rika mpaka Panama, kwa watu ambao hawakutuachia maandishi tunayoweza kuyasoma leo lakini kwenye udongo, jamani, walikuwa moto wa kuotea mbali. Na gurudumu la mfinyanzi hawakuwa nalo, Amerika nzima halikuwepo kabla Wahispania hawajaja. Kila kitu mkono.

Sasa nina ombi moja kabla sijaenda mbali. Mkiona sanamu ya watu wa kale msikimbilie kuuliza "inamaanisha nini". Hilo swali linatupoteza. Linatufanya tukae mbele ya kioo cha makumbusho tunakisia, huyu anasema uzazi, yule anasema jua, mwingine anasema mungu wa mvua, na kwa kuwa mwenyewe hayupo kukataa basi kila mtu anakuwa mtaalamu. Ulizeni kwanza hivi: kilikuwa kinafanya nini hiki kitu? Nani alikishika? Kilikaa wapi? Nani alikuwa anakiogopa? Alama iko kwenye kazi ya chungu. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Tuanze na mnyama.

Huko Rivas, Nikaragua, kwenye ile ardhi nyembamba kati ya ziwa Nikaragua na bahari ya Pasifiki, kati ya miaka ya 1000 na 1350 hivi, walitengeneza mitungi ambayo wanaakiolojia wanaiita Pataky, na mingine ilifika mpaka rasi ya Nicoya upande wa Kosta Rika. Mtungi wenyewe umbo lake ni kama boga refu lenye shingo. Umepakwa udongo mweupe laini mwili mzima, alafu juu ya ule weupe ndo wamechora kwa rangi nyeusi na nyekundu inayoelekea machungwa. Mbele, pale tumboni, kimechomoza kichwa cha jagwa, yule paka mkubwa wa Amerika mnayemuona kwenye dokumentari akiogelea. Mdomo wazi, meno nje. Na mikono yake ameiweka magotini.

Hebu tulieni hapo. Nani kati yenu ameshaona chui aliyekaa kitako ameshika magoti? Hayupo. Huo mkao ni wa mtu. Miguu miwili ya mbele ya mtungi ndo miguu yake, na mguu wa tatu nyuma, unaozuia mtungi usianguke, ndo mkia. Kwa hiyo huyu ni jagwa anayekaa kama mtu, au mtu aliyekwisha kuwa jagwa, na aliyefinyanga hakutaka uchague. Ukisogea karibu zaidi unaona kwenye mabega na mikono wamechora majagwa wengine wadogo wadogo, vivuli tu, wamejipanga kwenye mistari, jagwa ndani ya jagwa. Wataalamu wengi wanamhusisha huyu mnyama na watu wakubwa, watemi na waganga, wale wanaosadikiwa kwamba usiku wanaweza kubadilika. Sawa, nakubali. Lakini kama tungeishia hapo tungekuwa tumekitazama chungu bila kukigusa.

Maana ile miguu ni mitupu ndani, na ndani yake kuna vidonge vya udongo uliochomwa.

Mmenielewa? Ukiuinua ule mtungi unalia. Ukimpa mwenzako unalia. Ukimimina kinywaji unalia. Kichwa cha yule mnyama nacho kwenye mitungi mingine kina vidonge. Sasa fikiria uko kwenye kikao kizito usiku, moto umefifia, mtungi unapita mkono kwa mkono na kila ukipita yule mnyama anatoa sauti. Kwenye kabati la makumbusho hayo yote yamekufa, chungu kimetulia kama kimepigwa ganzi, na ile kadi pembeni inasema "mtungi wa umbo la jagwa". Basi! Mi nadhani sauti ile ilikuwa nusu ya alama yenyewe, au zaidi ya nusu.

(Hapa mama mmoja aliyekaa mbele alinikatiza, akauliza vidonge vinaingiaje bila kugandana na ukuta wa mguu. Nilifurahi sana maana hilo ndo swali la mfinyanzi. Kidonge kikaushwe kabisa kwanza ndo ufunge mguu, na mguu uachiwe upenyo. Kwenye ile miguu ya kale nyufa za upenyo unaziona wazi, zimekatwa kwa makusudi, hewa inatokea hapo wakati wa kuchoma na sauti nayo inatokea hapo hapo.)

Haya, twende Panama. Hapa nina stori mbili ndani ya moja.

Kuna mto unaitwa Río Grande de Coclé. Mwanzoni mwa karne iliyopita mto ulikuwa unakula kingo zake na watu wakaanza kuona dhahabu inadondoka kwenye udongo, kwenye shamba la familia ya Conte. Habari zikasambaa. Wakaja watu wa makumbusho ya Peabody ya chuo cha Harvard, wakachimba kuanzia 1930 mpaka 1933, na mwaka 1940 akaja J. Alden Mason kutoka makumbusho ya chuo cha Pennsylvania. Kaburi moja alilochimba Mason lilikuwa na watu 23 kwa matabaka matatu, mmoja katikati akiwa ndo mkubwa wao, na dhahabu za kutosha. Magazeti yakashika dhahabu, kama kawaida. Lakini pamoja na dhahabu kulikuwa na sahani na vyungu vingi mno, na sahani zile, ndugu zangu, zimechorwa kwa rangi nyekundu, nyeusi na zambarau juu ya weupe wa krimu. Zambarau! Kwenye udongo wa kuchoma! Katikati ya sahani anacheza kiumbe mwenye mwili wa mtu na kichwa cha mamba, makucha yamenyooka, mkia unazunguka, hakuna nafasi iliyobaki tupu.

Kwa miaka mingi watu walisema ni mungu mamba, wakafunga mjadala. Ndo akaja mama mmoja, Olga Linares, Mpanama mwenyewe, mwanaanthropolojia, ambaye mbali na kazi za kwao alikaa pia Senegali akisoma kilimo cha mpunga cha Wajola, kwa hiyo macho yake yalikuwa yameona mashamba ya watu. Mwaka 1977 akauliza swali rahisi kabisa. Hawa watu walikuwa wanakula nini? Akatazama mifupa iliyotoka majalalani, kisha akatazama wanyama waliochorwa kwenye sahani. Akaona orodha mbili tofauti! Wanyama wa michoro wengi wao ni wale wanaouma, wanaochoma, wanaokwaruza, wanaorarua. Mamba. Papa. Taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani. Kaa. Nyoka. Ndege wenye kucha. Na miiba ya taa yenyewe ilikuwemo makaburini.

Kwa nini? Linares akasema tazameni maisha ya hawa wakubwa. Wahispania walipofika walikuta watemi wanaopigana wao kwa wao kila mara, mtu anapanda cheo kwa vita, wapiganaji wamejichora mwilini. Basi mnyama wa kwenye sahani anasema kuhusu mwenye sahani: huyu anauma. Fikiria umealikwa kula kwa mtu kama huyo, unachota chakula kidogo kidogo na kila ukichota jicho la mamba linazidi kutokea chini. Chakula kikiisha unatazamana naye. Hapo tena, alama iko kwenye kazi ya chombo!

Waliokuja baada yake wamesema mambo hayajanyooka hivyo, kulungu naye yumo kwenye baadhi ya michoro na kulungu aliliwa, na chura naye yumo. Ni kweli. Ila mi bado naona swali lake ndo swali bora kuliko yote yaliyoulizwa kuhusu vyungu vya Panama, maana alitoka kwenye sahani akaenda jalalani, na watu wa sanaa tunapenda sana kubaki kwenye sahani.

Mko pamoja nami? Wale wa mlangoni mko?

Tatu, chetezo. Mnakijua chetezo, udi unafukizwa nyumba nzima inanukia. Sasa Nikaragua na Guanacaste ya Kosta Rika walikuwa na vyetezo vyao vikubwa vya udongo, vyenye kifuniko kirefu kama kuba, na juu ya kifuniko amekaa mamba. Mwili wa kifuniko wamebandika vidonge vya udongo mistari kwa mistari, ukipitisha kiganja unahisi mgongo wa mamba. Vimekatwa matundu. Ukiweka makaa na ubani chini, moshi unatoka juu, unamzunguka yule mnyama.

Sasa hawa watu waliishi wapi? Nendeni kwenye ramani. Ni mstari mzima wa volkano. Kisiwa cha Ometepe ndani ya ziwa Nikaragua ni volkano mbili zimeshikana mikono, hamna kingine. Mlima unaotoa moshi ulikuwa jirani wa kila siku. Na watu wa jamii ya Wanahua, ambao kundi lao moja lilihamia Nikaragua kutoka kaskazini, walikuwa na imani kwamba ardhi hii tunayoikanyaga ni mgongo wa mamba mkubwa anayeelea majini. Weka hivyo vitu pamoja, mamba, mlima, moshi, na wengi wanaokisoma hicho chetezo wanaona mlima mdogo wa nyumbani.

Hebu niwape stori. Mwaka 1529 Mhispania mmoja, Gonzalo Fernández de Oviedo, alipanda volkano ya Masaya. Ilikuwa inawaka kiasi kwamba usiku mwanga wake ulionekana mbali. Mtemi wa Nindirí, kijiji cha jirani, akamwambia kwamba mle ndani ya shimo anaishi bibi kizee. Bibi huyo hutoka uchi, maziwa yamening'inia mpaka kitovuni, nywele zimesimama, meno marefu makali kama ya mbwa, na wazee wakaenda kufanya naye baraza wakimuuliza: tupigane au tuache? mvua itakuja? mavuno yatakuwaje? Na kabla au baada ya baraza kulikuwa na watu wanaotupwa shimoni, tusifiche. Oviedo aliona kwa macho yake pembeni ya lile shimo vyungu, sahani na mabakuli, vingine vizima na vingine vigae, vilivyopelekwa na chakula ili bibi atulie.

Alafu sikilizeni hii. Tangu Wakristo wafike bibi aligoma kutoka. Alisema hatoki mpaka hao watu wabaya wafukuzwe. Mi nikisoma hapo huwa nacheka peke yangu, kwa kweli bibi alikuwa na siasa zake! Na kuonyesha wageni walivyoitazama Masaya kwa jicho lingine kabisa, mwaka 1538 padri mmoja, Blas del Castillo, alishushwa kwa kamba mle ndani akiamini ule uji wa moto ni dhahabu iliyoyeyuka. Wenyeji wanapeleka vyungu, mgeni anapeleka ndoo ya kuchotea.

Nne, wanawake. Hapa ndo nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo pameharibiwa na ubashiri kuliko kwingine. Sanamu ya mwanamke ikitoka ardhini mahali popote duniani, kadi iko tayari: "mungu wa uzazi". Uchi? Uzazi. Ana tumbo? Uzazi. Hana tumbo? Uzazi tu!

Honduras, kwenye bonde la mto Ulúa, kuna mahali panaitwa Playa de los Muertos. Mwanamama Mwingereza aliyeolewa na mtaalamu wa mimea, Dorothy Popenoe, alichimba pale mwishoni mwa miaka ya 1920, bila shahada ya akiolojia, na akaandika kwa umakini ambao wenye shahada wengi wa wakati ule hawakuwa nao. Alifariki ghafla mwaka 1932 baada ya kula tunda la aki ambalo halijaiva, ripoti yake ikatoka yeye akiwa hayupo. Vile visanamu vya pale vina karibu miaka 2,500, vingi vinaenea kiganjani, na aliyevifinyanga mwili ameupitia haraka haraka, mikono kama vijiti, lakini nywele! Nywele zimekaa masaa. Msuko huu, hapa pamenyolewa, hapa pameachwa kishungi, hapa shanga zimeshuka mpaka mgongoni. Kuna mtoto, kuna msichana, kuna kizee kakunja uso mikunjo yote imechorwa. Mwanaakiolojia Rosemary Joyce alivichambua akasema jamani, tazameni, hizi ni hatua za maisha, nywele na mapambo yanaeleza huyu amefika rika gani. Na vingine vilitoka makaburini, vingine kwenye takataka za nyumbani, maana yake vilikuwa vitu vya kutumiwa katika shughuli za familia alafu vikaisha kazi yake. Mama zangu, mnahitaji mtu atoke ng'ambo kuja kuwaambia kwamba nywele za msichana na nywele za mwali na nywele za mfiwa hazifanani?

Ukishuka Nicoya unakuta wanawake wengine, wakubwa kidogo, wang'aao kwa kusuguliwa, na wengi wao wamekaa kwenye kigoda. Mgongo wima, mikono kiunoni au mapajani, macho yanakutazama bila haya. Mwili umechorwa nakshi, na nakshi za namna hiyo hiyo tunazikuta kwenye mihuri ya udongo, ile ya kugonga rangi kwenye ngozi au nguo. Kwa hiyo hayuko uchi kama tunavyodhani, amevaa ngozi yake iliyopambwa. Na kigoda hapa kwetu sihitaji kueleza, si kila mtu anakalia. Oviedo huyo huyo anasema sokoni Nikaragua wanawake ndo walikuwa wanauza na kununua, na wanaume wa mji ule hawakuruhusiwa hata kuingia humo. Sasa ukijua hivyo, ukamtazama mama wa udongo amekaa wima kwenye kigoda chake, bado unaona uzazi tu? Mi naona mtu mwenye kauli.

La mwisho ni fupi lakini linaniuma. Mwaka 1890 reli ya kutoka San José mpaka pwani ya Limón, Kosta Rika, ilikamilika. Aliyeijenga ni Mmarekani Minor Keith, mzaliwa wa Brooklyn, yule ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya ndizi ya United Fruit. Maelfu ya vibarua walikufa kwenye ile reli. Na mahali panapoitwa Las Mercedes, walipokuwa wakifungua ardhi, wakakuta makaburi. Keith akawa anakusanya, vyungu, mawe, dhahabu, kwa makreti, na nyingi zikaenda New York. Nani alizikwa na nini? Chungu kiliwekwa kichwani au miguuni? Hakuna aliyeandika. Mwaka 1896 akafika hapo hapo Las Mercedes Mswidi, Carl Hartman, yeye akachimba kaburi moja moja, akachora, akapima, kila chungu na mahali pake. Vyungu vya Hartman ukiviuliza vinajibu. Vya Keith vingi ni vizuri mno na ni mabubu. Kuanzia 2011 makumbusho ya Brooklyn yamerudisha Kosta Rika mamia kwa mamia ya vitu vilivyotoka kwenye mkusanyo wake, jambo jema sana, ila swali la kichwani au miguuni halikurudi na kreti.

Asanteni. Maswali nitaweka moja tu hapa, mengine yalikuwa ya picha.

Kijana mmoja aliuliza kama kuna watu wanaofinyanga hivyo mpaka leo. Wapo. Guaitil na San Vicente, huko Guanacaste, vijiji viwili jirani, na wanaojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni wanawake. Wanachimba udongo wenyewe, wanachanganya na mchanga, rangi wanaipata kwenye udongo wa mawe wanaouita curiol, nyekundu, nyeupe, nyeusi, wanasugua kwa kokoto laini mpaka chungu king'ae, wanachoma kwenye tanuri la kuba. Majagwa yapo, mamba yupo, mengi wameyachukua kwenye vyungu vya kale. Kijana akaongeza, je wanajua maana yake? Nikamwambia wengine watakueleza vizuri sana na wengine watakwambia wateja wanapenda jagwa. Na mi siwezi kumcheka huyo wa pili, kwa sababu sidhani kama kila mama aliyekaa Rivas miaka 800 iliyopita akipaka weupe kwenye mtungi wa kumi alikuwa anawaza waganga wanaogeuka usiku, huenda alikuwa anawaza tu kwamba mguu wa nyuma umepinda na mteja atalalamika.

Chai iko nje, na sambusa zipo, ila wale wa mlangoni nadhani wameshaziwahi.